Kumtaja mtu si kumwita: Funzo kutoka kwa salamu za barua za Kicheki

Mwezi uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anafunza Kiswahili katika shule moja ya upili. Anatafuta nafasi ya kusomea shahada ya uzamifu jijini Prague, nchini Ucheki. Alikuwa amemwandikia profesa mmoja wa huko barua ya kumwomba awe msimamizi wake. Barua yenyewe aliiandika kwa Kiingereza, lakini kwa heshima na taadhima akaona ni vyema salamu ya kufungulia iwe kwa Kicheki. Alijua kwamba niliwahi kuishi Prague kwa miaka miwili nikiwa masomoni, hivyo akataka niipitie kabla hajaituma.

Salamu yake ilikuwa na maneno matatu tu: "Drahý profesor Novák". Novák si jina la profesa huyo. Nimeliteua kwa kuwa ni jina la ukoo lililoenea mno Ucheki, nalo hutumika katika mifano ya sarufi kama sisi tunavyomtumia Juma.

Nikamwambia, "Maneno matatu, makosa matatu."

Akacheka, kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Lakini mwalimu, si ni salamu tu? Yeye atasoma ninachoomba, au sivyo?"

Swali lake ni la haki. Wengi wetu tunaichukulia salamu ya barua kama mlango: unaupita haraka ili uingie ndani. Katika Kicheki, hata hivyo, salamu ni mahali ambapo mwandishi hulazimika kusema mapema, tena kwa sarufi, anamwona msomaji wake kuwa nani na amesimama umbali gani kutoka kwake. Hebu tuyatazame makosa hayo matatu moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa neno "Drahý". Tarakilishi ilikuwa imemtafsiria "Dear" ya Kiingereza, na kwa hakika hiyo ndiyo maana yake ya kamusini. "Drahý" ni mpendwa, mtu wa thamani. Ni neno lilo hilo linalotumika sokoni kwa bidhaa iliyo ghali. Lakini mapenzi yaliyomo katika "Drahý" ni ya ndani kabisa: ya mume na mke, ya mama na mwanawe, ya wapenzi, ya rafiki wa miaka mingi. Mwanafunzi asiyejulikana akimwita profesa hivyo, profesa ataelewa kwamba ni tafsiri mbovu, lakini atakuwa ametabasamu kwa sababu isiyofaa.

Mcheki ana ngazi ya maneno ya kuchagua. Juu kabisa, kwa upande wa urasmi, kuna "Vážený" (herufi ž hutamkwa kama j ya Kifaransa). Hili ndilo neno la barua za ofisi, za kazi, za maombi, na za mtu yeyote usiyemjua vizuri. Asili yake inapendeza: linatokana na kitenzi chenye maana ya kupima uzito. Mtu "vážený" ni mtu aliyepimwa akaonekana ana uzito. Sisi nasi tunasema fulani ni mtu mzito, au neno lake lina uzito, kwa hivyo fikra hiyo si ngeni kwetu.

Chini yake kuna "Milý", neno la uchangamfu. Hutumiwa kwa rafiki, kwa jamaa, kwa mwenzako kazini mnayezoeana, au kwa mwalimu wako wa zamani ambaye mmekuwa mkiandikiana. Kisha kuna "Drahý" tuliyoitaja. Na kando ya ngazi hiyo kuna salamu za mdomoni zilizohamia kwenye maandishi: "Ahoj", ambayo ni ya marafiki na vijana, na "Dobrý den", yaani siku njema. Hii ya mwisho imeenea sana katika baruapepe. Wapo wanaoiona kuwa ni ya mazungumzo zaidi kuliko barua, lakini katika baruapepe ya kawaida kwa ofisi au duka haimuudhi mtu. Ina faida moja kubwa pia: haikulazimishi kujua kama anayesoma ni mwanamume au mwanamke.

Nasema hivyo kwa sababu maneno ya ile ngazi hulazimisha. Ni "Vážený" kwa mwanamume, "Vážená" kwa mwanamke, na "Vážení" kwa kundi. Sisi ambao lugha yetu haina jinsia ya kisarufi hujikwaa hapa. Kwetu "mheshimiwa" ni mheshimiwa, awe Otieno au Wanjiru. Mcheki hana njia hiyo. Asipojua barua itasomwa na nani, huandika yote mawili: "Vážená paní, vážený pane", yaani Bibi mheshimiwa, Bwana mheshimiwa.

Kosa la pili lilikuwa kukosekana kwa neno dogo "pane", yaani bwana. Katika Kicheki, cheo peke yake hakitoshi. Humwiti mtu "profesa" ukaishia hapo. Unamwita "bwana profesa", "bwana daktari", "bwana mkurugenzi". Kwa mwanamke ni "paní". Ukiliacha neno hilo, cheo kinabaki kikavu kama amri.

Hapo tukafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mwanafunzi wangu aliandika "profesor Novák". Maneno hayo ni sahihi kabisa, ila si ya kumwita mtu. Ni ya kumtaja.

Kicheki ni lugha ambayo nomino hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi inayofanya katika sentensi. Wanaisimu huliita jambo hili uhusika. Kicheki kina hali saba za namna hiyo, na watoto wa shule huzijua kwa namba. Ya kwanza ni ya kutaja: profesa amefika, profesa anasoma. Ya tano ni ya kuita. Kazi yake ni hiyo tu: humtoa mtu katika hali ya kusemwa na kumweka katika hali ya kusemeshwa. "Pan profesor" ni profesa tunayemzungumzia. "Pane profesore" ni profesa niliyemwelekezea uso.

Tofauti hiyo huonekana vyema ukiiweka bahasha kando ya barua. Kwenye bahasha Mcheki huandika "Vážený pan", kisha jina lake huyo mtu likiwa halijabadilika, kwa sababu bahasha inamwambia tarishi ni nani wa kupelekewa. Inamtaja. Ndani, kwenye mstari wa kwanza, neno hilohilo linakuwa "Vážený pane", kwa sababu sasa tarishi ameshaondoka na mmebaki wawili. Kosa la kawaida la sisi wageni ni kunakili ya kwenye bahasha na kuibandika ndani. Mimi mwenyewe nililifanya muhula mzima.

Kanuni zake si ngumu kama zinavyotisha. Majina mengi ya wanaume yanayoishia kwa konsonanti huongezewa "e": doktor huwa "doktore", na Havel huwa "Havle", irabu ya kati ikidondoka. Yanayoishia kwa k huchukua "u": Novák huwa "Nováku", Dvořák huwa "Dvořáku". Yenye š mwishoni, ambayo ni sauti yetu ya sh, huchukua "i": Tomáš huwa "Tomáši". Yanayoishia kwa "a", ya wanaume na ya wanawake, hubadilisha irabu hiyo kuwa "o": Jana huwa "Jano", Eva huwa "Evo". Lipo pia jina la ukoo Svoboda, ambalo maana yake ni uhuru. Bwana Uhuru wa Kicheki huitwa "pane Svobodo". Na majina yenye umbo la kivumishi, kama Novotný, hubaki yalivyo.

Kanuni hizo haziulizi mtu ametoka wapi. Katika bweni letu kulikuwa na mwenzetu wa Pwani ambaye hapa nitamwita Juma. Kila asubuhi mama aliyelinda mlango alimsalimia "Jumo!" Juma alivumilia wiki mbili, kisha akaanza kumsahihisha: "Juma. Mwisho ni a." Mama yule aliitikia kwa kichwa, na kesho yake ilikuwa "Jumo" tena. Mwenzetu akaamua kwamba huyu mama ama ni mkaidi, ama anamdharau. Siku moja mgeni alikuja kumuulizia, naye mama akajibu, "Juma tady není", Juma hayupo hapa. Kumbe jina analijua barabara! Alipomtaja alisema Juma. Alipomwita alisema Jumo. Alikuwa amempa kijana wa Mombasa heshima ileile ya kisarufi anayopewa mtoto wa Prague. Kwa kanuni hiyo Halima angeitwa "Halimo" na Omar "Omare". Mwangi, Otieno na Kamau wasingeguswa, kwa sababu miisho yao haibadiliki.

Nikiri jambo moja. Katika mazungumzo ya mitaani utawasikia Wacheki wenyewe wakisema "pane Novák", bwana likiitwa na jina likitajwa tu. Masikio yameshazoea. Lakini katika barua hilo huhesabiwa kuwa kosa, na msomaji aliyeelimika huliona mara moja. Jirani zao Waslovakia, ambao lugha yao inafanana na Kicheki kama ndugu wa tumbo moja, wameiacha hali hii ya kuita isipokuwa katika maneno machache. Wao huandika "Vážený pán profesor" bila kosa lolote. Anayetumia barua moja kwa Prague na kwa Bratislava atakuwa amekosea mahali pamoja.

Tukarudi kwenye barua yetu. Tulipoondoa "Drahý", tukaongeza "pane" na kumwita mtu badala ya kumtaja, tulipata "Vážený pane profesore". Mwanafunzi akashangaa: "Na jina lake?" Nikamwambia si lazima. Mcheki akiwa na cheo cha kitaaluma, cheo hicho hutosha, na jina huachiwa bahasha. Kama hana cheo, au hukijui, ndipo unaandika "Vážený pane Nováku".

Vyeo vya kitaaluma ni jambo zito Ucheki. Mtu mwenye shahada ya uzamili ya uhandisi ana herufi "Ing." mbele ya jina lake na huitwa "pane inženýre". Mwenye shahada ya uzamili ya fani nyingine huwa "Mgr.", na huitwa "pane magistře" au "paní magistro". Daktari wa hospitalini na daktari wa falsafa wote ni "pane doktore" au "paní doktorko". Juu yao kuna "docent", cheo kilicho chini ya uprofesa, kisha profesa. Mtu akiwa na vyeo vitatu hatajiwi vyote. Unachukua kile cha juu. Hapa Kenya, ambako siku hizi watu hurundika Daktari, Mhandisi na Mheshimiwa mbele ya jina moja, nadhani tungejifunza kitu.

Ukitaka kujua jinsi uteuzi huu unavyoweza kubeba mambo makubwa, kumbuka kilichotokea mnamo Aprili 1975. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel, ambaye kazi zake zilikuwa zimepigwa marufuku, alimwandikia barua ya wazi Gustáv Husák, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Czechoslovakia. Wakati huo neno rasmi la kuitana lilikuwa "soudruhu", yaani komredi. Lilitumika shuleni, ofisini na katika barua za serikali, jinsi neno "Ndugu" lilivyotumika Tanzania enzi za Ujamaa. Havel hakumwita Husák komredi. Wala hakumtukana. Alimwita daktari, kwa kuwa Husák alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria. Kabla hata ya hoja ya kwanza, msomaji alishajua kwamba anayeandika ni raia anayemwandikia msomi mwenzake, wala si mwanachama anayenyenyekea kwa bosi wa chama. Utawala ule ulipoanguka mwishoni mwa 1989 na Havel mwenyewe kuwa rais, "soudruhu" ilitoweka kwenye barua kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Upande wa wanawake una mambo yake. Neno "paní" halibadiliki, na majina ya ukoo yenye "-ová" pia hayabadiliki, kwa hivyo "Vážená paní Nováková" ni rahisi kuliko ya mumewe. Kinachohitaji uangalifu ni jina lenyewe. Kwa desturi mke au binti wa Novák huitwa Nováková. Tangu Januari 1, 2022, sheria inamruhusu mwanamke yeyote kuchagua jina lisilo na mwisho huo. Basi angalia alivyotia saini. Akijiita Novák, mwite "paní Novák". Neno "slečna", la mwanamke asiyeolewa, limepungua sana. Kwa mtu mzima "paní" ndilo salama, na ndoa yake haikuhusu.

Baada ya salamu huwekwa koma, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo, kwa sababu sentensi inaendelea. Sisi tuliofunzwa kuanza aya kwa herufi kubwa hukosea hapo. Ukitumia alama ya hisi badala ya koma, mtindo ambao siku hizi ni wa kizamani kidogo, ndipo herufi kubwa hufuata. Mwishoni ni "S pozdravem", kwa salamu, au "S úctou", kwa heshima, bila koma yoyote baada yake.

Ndani ya barua yenyewe kuna uteuzi mwingine ambao salamu imeshaufunga. Kicheki kina "ty", wewe, na "vy", nyinyi. Mtu mmoja unayemheshimu au usiyemjua huitwa "vy", kama "vous" ya Kifaransa. Katika barua neno hilo huandikwa kwa herufi kubwa, "Vy", kama dalili ya heshima. Lakini sarufi haisahau kwamba mtu ni mmoja. Ukisema "uliandika" kwa mwanamume mmoja wa heshima, ni "napsal jste": sehemu moja iko katika wingi kwa ajili ya heshima, na nyingine iko katika umoja kwa ajili ya ukweli. Ukianza na "Vážený" unaendelea na "Vy". Ukianza na "Ahoj" huwezi kugeuka katikati.

Kutoka "vy" kwenda "ty" kuna adabu yake. Anayependekeza ni mkubwa kwa mdogo, mwanamke kwa mwanamume, au mkuu kwa aliye chini yake. Kinyume chake ni utovu wa adabu. Na hapa ndipo mimi, niliyejidai kumfunza mwenzangu, nilipata funzo langu.

Mwaka wangu wa pili niliondoka bwenini nikapanga chumba kwa mama mmoja mzee, mjane, ambaye nitamwita Marie. Alinifundisha kupika mchuzi wao mzito na kunirekebisha Kicheki changu bila kunicheka. Jioni moja kabla sijarejea nyumbani alinipa mkono na kusema tuitane "ty", na nimwite Marie. Nilikubali kwa mdomo. Nilipofika Kenya nikamwandikia barua, na mkono ukakataa. Mimi nimelelewa kutomwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina kavu. Nikaandika "Vážená paní", nikaongeza jina la ukoo, nikaendelea na "Vy" zenye herufi kubwa ukurasa mzima. Nilijiona nimemheshimu kupita kiasi.

Alinijibu kwa "Milý", na "ty". Nikarudia "Vážená paní". Barua yake ya tatu ilikuwa fupi. Aliuliza kama alinikosea jambo.

Nilikaa na barua ile siku kadhaa. Kwangu "Vážená" ilikuwa juu kabisa ya ngazi, basi nilidhani kadiri unavyompandisha mtu ndivyo unavyomtukuza. Kwake ngazi ile ilikuwa pia kipimo cha umbali. Alikuwa amefungua mlango, nami kila barua nilikuwa naufunga tena kwa adabu. Heshima iliyozidi ilisomeka kama baridi.

Suluhisho nililipata kwa kufikiria kwa Kiswahili. Sisi hatuna shida ya kumpenda mtu mzima na kumheshimu kwa pumzi moja. Tunamwita Bi Maria, Mama Maria, Mwalimu Maria. Kicheki nacho kina nafasi kama hiyo katikati ya ngazi: "paní" pamoja na jina la kwanza. Nikaandika "Milá paní Marie". Jina Marie kwa bahati halibadiliki likiitwa. Nikamweleza kwamba nyumbani kwetu kumwita mama kwa jina tupu ni kama kuingia chumbani mwake na viatu. Alijibu kwamba amecheka hadi machozi, na kwamba jina hilo analikubali. Tuliandikiana hivyo hadi alipofariki.

Sasa basi, haya yanatuhusu nini sisi tunaoandika Kiswahili?

Tazama salamu tunayowafunza wanafunzi kwa barua rasmi: "Kwa Bw/Bi". Neno "kwa" ni la bahasha. Linaonyesha barua inakokwenda, na linamtaja mpokeaji badala ya kumwita. Ule mkwaju katikati ya Bw na Bi unasema waziwazi kwamba mwandishi hakujali kujua anayemwandikia ni nani. Mcheki asiyemjua msomaji wake huwaita wote wawili kwa ukamilifu. Sisi tunawakata kwa mkwaju. Katika barua ya kirafiki nako tumekwenda upande wa pili: "mpendwa" imekuwa ya kila mtu, kuanzia mchumba hadi meneja wa benki, kwa sababu ya "Dear" ileile iliyompotosha mwanafunzi wangu.

Sisemi kwamba Kiswahili ni maskini. Ni kinyume chake. Hatuna hali ya tano, lakini tuna "ewe" na "enyi", tuna shikamoo na marahaba ambazo hupanga umri kabla ya mazungumzo kuanza, na tuna Ndugu, Mzee, Bi, Mwalimu, Shangazi, Mwanangu. Mdomoni tunazitumia kwa ustadi ambao mgeni huchukua miaka kuupata. Tukishika kalamu tunaziacha mlangoni na kuandika "Kwa Bw/Bi". Nadhani barua ya ombi inayoanza "Mheshimiwa Mwalimu Mkuu" au "Bi Mkurugenzi" haipungukiwi na urasmi wowote, na inamwita mtu. Walimu wenzangu wanaosahihisha insha za barua wanaweza kupinga, na ningependa kusikia hoja zao.

Mwanafunzi wangu alituma barua yake. Nafasi bado hajapewa. Mambo ya ufadhili yana safari ndefu. Lakini profesa alimjibu baada ya siku nne, kwa Kiingereza, ila mstari wa kwanza ulikuwa wa Kicheki: "Vážená paní magistro". Alinipigia simu jioni hiyohiyo.

"Mwalimu," akauliza, "huyu magistro ni nani?"

"Ni wewe," nikamwambia. "Anakuita."